Pikipiki kuukuu ya kufufua baada ya kustaafu: ya kuanza nayo na ya kuiachia wengine

Kinachouza pikipiki ya zamani ni rangi ya tangi na jina lililoandikwa ubavuni. Kinachoikwamisha gereji miaka mitatu ni kipuri kisichopatikana, au kadi isiyolingana na chuma. Ndiyo maana orodha hii imepangwa kwa vipuri kwanza, kisha uzito, kwa kuwa magoti ya miaka sitini hayafurahii kuinua kilo 170 kutoka sakafuni. Uzuri umekuja mwisho. Anayeutanguliza uzuri na asome kuanzia chini kwenda juu.

Kabla ya bei, omba kadi ya usajili ya TRA kama uko Tanzania, au logibuku kama uko Kenya. Soma namba ya chasisi kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, kisha ya injini. Uchafu utoe kwa kitambaa chenye petroli, si kwa msasa. Chuma kilichosagwa kuzunguka namba, au herufi zisizokaa mstari mmoja, ni sababu tosha ya kuaga.

1. Honda CG125

Ilitoka mwaka 1976, na Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inapigishwa kazi na oili inasahauliwa. Haina cheni ya taimingi. Kamu, yaani shafti inayofungua valvu, iko chini, ina nundu moja tu inayoendesha valvu zote mbili kupitia fito mbili ndefu. Injini hiyo ndiyo iliyoigwa na viwanda vingi vya China, kwa hiyo duka la vipuri vya bodaboda lililo jirani nawe huenda tayari lina gasketi, ringi, sahani za klachi na pistoni ya milimita 56.5 inayokufaa.

Urahisi huohuo una mtego. CG nyingi zilishang'olewa injini ya asili na kuwekewa ya Kichina. Namba ya injini ya Honda huanza na CG125E. Ukiona 156FMI hiyo ni nakala ya cc 125, na 162FMJ ni ya cc 150. Si dhambi, lakini bei ishuke, na kadi iwe imebadilishwa.

Iwashe ikiwa ya baridi, usikilize juu ya silinda. Mlio wa ta-ta-ta ukiisha baada ya kuseti tapeti (mwanya wa valvu) kwa milimita 0.08, injini ikiwa baridi, huna shida. Usipoisha, nundu ya kamu au vifuasi vyake, yaani vipande vinavyoikanyaga, vimelika kwa kukosa oili, na itabidi ufungue. Injini inabeba oili kama lita moja tu. Robo lita ikipungua, kamu ndiyo huumia.

Za mwanzo ni za volti 6 na pointi (swichi ya chuma inayowasha plagi), na taa yake ni kama kibatari. Ukitaka kuhamia volti 12, nunua seti nzima pamoja: sahani ya koili, gurudumu la sumaku, CDI (kisanduku cha umeme kinachochukua kazi ya pointi) na rektifaya (kinachogeuza umeme uweze kuchaji betri). Pima kwanza kama gurudumu linakaa sawasawa kwenye ncha ya krankshafti. Kuchanganya kipande cha huku na cha kule ndiko kunakounguza betri.

2. Honda C70 na C90

Nyepesi, haina mkono wa klachi, na unaipanda bila kurusha mguu. Hatari yake ni moja: fremu ni bati lililokunjwa, na huoza kwa ndani pale maji na tope vinapotuama. Pita na sumaku ndogo. Isiponasa, chini ya rangi kuna puti, si chuma. Fremu ikiwa nzima, nunua bila kusitasita sana.

3. Yamaha DT125 na DT175

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote hapa, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ni ya viharusi viwili, vipande vichache, na silinda unaitoa kwa spana za kawaida. Lakini ikilala miaka mingi, oili sili za krankshafti, yaani mipira inayoziba ncha za shafti inayozungushwa na pistoni, hukauka. Ya upande wa klachi ikipasuka, injini hunyonya oili ya gia: moshi mweupe usiokoma, wenye harufu nzito, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Ya upande wa sumaku ikipasuka, injini hunyonya hewa, mlio hupanda wenyewe hata ukiachia mafuta, na pistoni hukwama kwa joto. Muuzaji atakwambia ni kabureta tu. Badilisha sili zote mbili hata kama zinaonekana nzima.

Pampu ya oili nayo usiiamini. Kwenye tangi la kwanza changanya mililita 40 za oili ya viharusi viwili kwa kila lita ya petroli, mpaka uone kwa macho oili inasogea kwenye mpira wake bila mapovu.

Silinda ikiwa imelika, tafuta pistoni kwanza, iliyozidi ukubwa wa asili kwa milimita 0.25 au 0.50, ndipo upeleke silinda kwa mkereza vyuma ukiwa nayo mkononi. Anayechonga kwanza huishia na silinda nzuri isiyo na pistoni. Na kama kiki haisogei kabisa, usiirukie: toa plagi, mimina vijiko viwili vya dizeli na oili nyepesi, uiache siku mbili au tatu.

4. Vespa PX na Bajaj Chetak

Mwili ndio fremu. Kwa hiyo ikitoka Unguja au mji wowote wa pwani, inua mpira wa sakafu ubonyeze kwa bisibisi, hasa karibu na pedeli ya breki. Bisibisi ikizama, kazi yako itakuwa ya kuchomelea, si ya ufundi wa injini. Endesha ukipanda mlima: gia inayoruka yenyewe ina msalaba wa gia (kipande kinachoshika gia) uliolika, na kuubadilisha ni kupasua injini nusu mbili. Ya viharusi viwili isiyo na pampu ya oili inataka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli.

5. BSA na ndugu zake wa Kiingereza

Bantam ni nyepesi na inavutia; M20 ya cc 500 ni mzigo wa watu wawili. Bolti zake si za milimita, spana zako hazitaingia, na vipuri vitaagizwa Uingereza kimoja kimoja. Kiinua mgongo kisije kikakuvunja mgongo. Iwe pikipiki ya pili.

Yoyote iliyokwisha kufunguliwa na kuletwa kwenye magunia, ikatae hata kwa nusu bei. Wewe hujui kilichopotea, na muuzaji hatakuhesabia.

Skrubu za Kijapani zinafanana na za nyota lakini mfereji wake ni tofauti, nyingi zina kinukta kichwani. Bisibisi ya kawaida huteleza na kula kichwa, kisha ni kutoboa kwa drili. Tafuta bisibisi yenye alama ya JIS (viwango vya Kijapani) pamoja na ile ya kupigwa nyundo, uwe nazo kabla pikipiki haijafika nyumbani.