Vidonge vya kuongeza damu (feri salfeti 200): nyota nne, ila pima HB kwanza

Hivi ni vile vidonge vya feri salfeti (chumvi yenye madini ya chuma) miligramu 200, viko karibu kila duka la dawa na bei yake haiumi. Mimi nilivitumia baada ya kujifungua, HB (kipimo cha wingi wa damu) ilikuwa chini, na kazi vimefanya kwa kweli, ile kuhema nikipanda ngazi imeisha. Ubaya wake mnaujua, kichefuchefu, choo cheusi tii, wengine tumbo linafunga mpaka mtu anajuta. Na msinywee na chai jamani, chai inazuia chuma kuingia halafu mnakuja kulalamika eti dawa feki. Daktari aliniambia nimeze siku moja niruke moja, maana ukishameza kuna homoni inaitwa hepsidini inapanda na kidonge cha kesho yake hakiingii vizuri, basi na tumbo likatulia.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya maandishi ya pakti. Hiyo 200 ni uzito wa chumvi nzima, chuma chenyewe humo ni kama miligramu 65, na mwili wa mtu mzima mwenye afya unachukua miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Sasa dukani nilikonunua dada hakuniuliza hata HB ni ngapi, kaka wa nyuma yangu kasema tu anajisikia kuchoka, kapewa karatasi mbili. Uchovu una sababu mia jamani!

Nang'ang'ania hili kwa sababu mwili hauna njia ya maana ya kutoa chuma kilichozidi, hukikojoi kama vitamini C. Na kikizidi kinaenda kugusa pampu za seli. Kila seli ina pampu kwenye utando wake, inatoa sodiamu 3 nje inaingiza potasiamu 2 ndani, kila mzunguko inakula ATP moja (hiyo ndo nishati ya seli), Mdenmaki Jens Skou ndo aliigundua 1957 akitumia neva za kaa (ndio, kaa huyu huyu wa pwani) na Nobel wakaja kumpa 1997. Chuma kikiwa kimeshikwa na protini zake hakina neno, ila kile kinachobaki kinazurura kinakutana na haidrojeni peroksaidi ambayo seli inaitengeneza yenyewe, hapo vinazaliwa vitu vikali vinavyounguza mafuta ya utando ambamo pampu imekaa, na pampu yenyewe inaharibiwa kwenye sehemu zake zenye salfa, kasi inashuka. Pampu ya kalsiamu nayo hivyohivyo. Sodiamu na kalsiamu zinaanza kujaa ndani, na kwenye moyo ndo balaa, maana chuma kinapenya hadi kwenye njia za kalsiamu na mapigo yanavurugika.

Sisemi karatasi moja itakusimamisha moyo, hapana, utumbo wenye afya unajua kukataa. Wa kuogopa ni wenye sikoseli au thalasemia (nayo ni ugonjwa wa damu wa kurithi) wanaoongezewa damu mara kwa mara, kila uniti inaingia na chuma kama miligramu 200 na zaidi, hao wasiguse hivi vidonge kabla ya kupima ferritini, kile kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Na watoto, mtoto akivifakamia akidhani pipi ni sumu hiyo, kimbia hospitali usisubiri atapike. Hata dozi ya kawaida kwa mtoto ina mambo yake, kule Pemba watoto wadogo walipewa chuma na foliki asidi bila kupimwa kwanza, ikabidi chuma kisimamishwe 2003 kwa sababu waliopewa walikuwa wanalazwa na kufa zaidi, na pale malaria ndo ilihusishwa zaidi kuliko hizi pampu. Ila wale ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma walifaidika.

Mjamzito uliyepewa kliniki wewe meza bila wasiwasi, hiyo dozi imepimwa kwa ajili yako. Mimi HB ikishuka tena nitavinunua, ila kwenye lile duka sirudi.