Mizani ya shilingi 850 na daftari la hesabu: mwaka wangu wa kuhesabu kalori hapa Kisumu

Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda karibu na soko la Kibuye, na kazi yangu ni kukaa. Naketi kwenye cherehani asubuhi, nikiinuka ni kumpima mteja au kumfuata mwenye deni. Kwa hiyo sikungoja daktari aniambie nimenenepa. Gauni langu la kitenge la kanisani nililiachilia mshono wakati wa Pasaka, nikaliachilia tena Desemba, na nilipolifumua mara ya tatu ndani hakukuwa na kitambaa cha kuachilia. Nikaenda duka la dawa nikapanda mizani: kilo 90, kwa mtu wa sentimita 162.

Nilianza vibaya. Nililipia mpango wa kupunguza uzito, ambao jina lake nitaliacha, shilingi 6,500 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Fanya hesabu mwenyewe: 19,500, kodi ya kibanda ya miezi kadhaa. Nilipewa mkebe wa unga wa kukoroga wa kunywa badala ya chakula mara mbili kwa siku, majani ya chai ya kusafisha tumbo, karatasi ya vyakula vilivyopigwa marufuku, na nikaingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp ambako kila asubuhi tulitumiwa picha ya mtu aliyekonda. Cha kwanza kwenye ile karatasi kilikuwa ugali. Mimi ni mzaliwa wa Vihiga niliyeolewa Butere, na kote huko mlo bila ugali si mlo. Sijui aliyeiandika alidhani nitaishi na nani.

Mwezi wa kwanza nilipungua kilo 6 na nikawatangazia wateja wote. Baadaye ndio nikajua kwamba ukikata wanga ghafla, mwili unatumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo imeshikana na maji karibu mara tatu ya uzito wake. Sehemu kubwa ya furaha yangu ilikuwa mkojo. Hela zilipoisha nikaacha ule unga, na kilo zote 6 zikarudi na riba ya kilo moja juu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba sina nidhamu, nilipie mwezi wa nne.

Aliyenifungua macho ni binti yangu wa kidato cha pili. Alikuwa na kitabu chake cha shule mezani akaniambia, "Mum, si hii ni hesabu tu?" Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Pombe ni 7, habari ambayo baba watoto hakuipenda. Hesabu hiyo wala si ngeni, msingi wake uliwekwa na mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na hakuna anayekutoza chochote kuitumia.

Basi nikanunua mizani ndogo ya jikoni ya betri, shilingi 850, na daftari la mraba. Nikipewa nyota tano nigawe, natoa nne. Ya tano ilibaki matangani, nitafika huko.

Kwanza nilitafuta kiasi ambacho mwili wangu unatumia kwa siku. Kwa mwanamke, unachukua kilo zako mara 10, unajumlisha sentimita za urefu mara 6.25, unatoa miaka yako mara 5, halafu unatoa 161. Mimi nikiwa na kilo 91 na miaka 43 nilipata kama 1,546. Hicho ndicho mwili unachochoma hata ukilala tu. Mtu wa kukaa kama mimi anazidisha kwa 1.2, nikafika 1,855 hivi. Nikakata 400 na kidogo, ili mwili uzibe pengo hilo kwa mafuta yake, nikaandika 1,450 kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari. Mwanamume mwisho wa hesabu hatoi 161, anaongeza 5. Maisha ndivyo yalivyo.

Siku ya pili nikataka kuacha. Nilisoma pakiti ya mkate, nikaona gramu 100 zina 1,050 na ushei. Nikaweka slesi chini nikamwita mtoto. Kumbe nilikuwa nasoma kJ, yaani kilojuli, wakati kalori tunazohesabu ni zile zilizoandikwa kcal. Kalori moja ya chakula ni kilojuli 4.184, kwa hiyo ule mkate ulikuwa na kama 250. Nikala slesi zangu kwa amani. Kama unaanza, angalia herufi hizo kabla ya kulia.

Sasa ugali. Siku zote mimi hupika kwa macho, namimina unga mpaka mkono useme basi. Jumamosi moja niliweka bakuli juu ya mizani, nikabonyeza irudi sifuri, nikamimina unga wa watu watano: gramu 600. Unga wa mahindi una kalori kama 360 kwa kila gramu 100, hivyo sufuria nzima ilikuwa na 2,160. Maji hayana kitu. Nikasonga, nikapindua kwenye sinia, nikapima mlima wote: kilo 1.8. Maana yake gramu 100 za ugali wangu ulioiva zina kalori 120. Halafu nikakata kipande changu cha kawaida, kile ninachojikatia bila kufikiri, nikakiweka juu ya mizani. Gramu 520! Watoto walicheka. Baba watoto hakucheka kwa sababu alijua chake kinafuata.

Kalori 624 kwa kipande cha ugali. Lakini ona, nikikata gramu 300 ni 360 tu, na gramu 300 za ugali ni chakula cha mtu mzima na heshima zake. Sikuhitaji kuuacha, nilihitaji kuuona. Tangu siku hiyo nimekula ugali karibu kila siku, na nasema hivi kwa ajili ya yeyote aliyewahi kupewa karatasi kama yangu.

Adui alikuwa amejificha kwingine. Mafuta ya kupikia nilikuwa nasema "natia kidogo tu." Nikapima chupa kabla ya kukaanga sukuma na baada: gramu 70 zimeenda. Hiyo ni kalori 630 ndani ya majani ambayo yenyewe karibu hayana kitu. Siku ya samaki nilikaanga ngege, nikarudisha mafuta yaliyobaki ndani ya chupa, na bado gramu 95 zilikuwa zimepotea. Zimepotea wapi? Ndani ya samaki, na samaki ndani yetu. Siku hizi natumia gramu 20 kwa sufuria ya mboga, zimepimwa, na samaki namchemsha na nyanya na kitunguu, au nambanika. Wiki ya kwanza familia ilinuna. Ya tatu walisahau.

Chai ndiyo iliyoniaibisha. Ile karatasi ya marufuku haikusema neno juu ya chai ya maziwa, na mimi nilikuwa naihesabu kama maji. Kikombe changu kinaingia mililita 250, nusu maziwa, kalori 80. Sukari ni vijiko vitatu, na vijiko vyangu si vya kufutwa juu, ni vya kilima. Kimoja kilipima gramu 7. Vitatu ni gramu 21, kalori 84. Jumla 164 kwa kikombe, nami nilikuwa na cha asubuhi, cha saa nne kutoka kwa mama chai wa pale sokoni, cha saa kumi na cha usiku. Kalori 656 za chai kila siku, zaidi ya lile pande la ugali tulilolicheka. Na hapo sijaandika andazi la saa nne. Sasa nakunywa vikombe viwili, kila kimoja na kijiko kimoja kilichofutwa. Miezi miwili ya kwanza chai ilikuwa na ladha ya adhabu.

Na njugu! Mteja mmoja huniletea njugu karanga za kukaanga, nazitafuna huku nashona, mkono mmoja kwenye kitambaa. Njugu zina kalori zaidi ya 560 kwa gramu 100. Pakiti moja nilipima nikapata gramu 90. Ni mlo mzima, na wala tumbo halikuniarifu kwamba nimekula.

Kuhusu programu za simu: nilijaribu moja ya bure. Inakujua vizuri kama unakula biskuti za ng'ambo, lakini ukiandika mrenda inakutazama tu. Kilichonisaidia zaidi ni majedwali ya vyakula vya Kenya ya mwaka 2018, yaliyotolewa na Serikali pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Yako mtandaoni bure, unapakua mara moja unasoma bila bando. Humo vyakula vyetu viko kwa majina yetu, omena wamo. Binti alininakilia vile tunavyokula sana nyuma ya daftari, na kwa kuwa mtu hula vitu vilevile kila wiki, baada ya miezi miwili nilikuwa nimevikariri kama bei za vifungo.

Sasa ile nyota. Matanga huku kwetu si jambo la mara moja kwa mwaka, na huwezi kutoa mizani kwenye hema la msiba. Mwezi wa Agosti tulizika Butere. Usiku ni chai na mkate, mchana ni mchele, nyama na ugali, na sahani unapakuliwa na mtu mwingine. Nilipoacha nusu, shangazi ya mume wangu akanijia, "Mke wetu, mbona unakula kama mgeni? Au chakula chetu hakikufikii?" Nikala. Na ungefanya nini? Jumatatu mizani ikasema nimeongeza kilo 1.8. Zamani ningelia na kuacha kila kitu. Lakini kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo ili kuongeza kilo 1.8 za mafuta ningehitaji kula karibu kalori 14,000 juu ya matumizi yangu, kwa siku tatu. Hata shangazi hawezi kunilisha hivyo. Ilikuwa chumvi na maji na chakula kilichokuwa bado njiani. Ijumaa kilo na nusu ilikuwa imeshaondoka yenyewe. Hata hivyo siku za matanga daftari hubaki tupu, na njia hii haina dawa ya hilo.

Kuna kasoro nyingine. Ni kazi ya kuchosha mwanzoni, hasa unapopikia wengi kwenye sufuria moja na unatakiwa kugawa. Hotelini unakisia tu, na mimi nimejifunza kukisia juu. Mizani ya bei hii inakula betri, na ukiilowesha inaanza kudanganya. Mwezi wa nne nilianza kuzidisha, nikawa napima hata nyanya, nikamgombeza mtoto kwa kulamba kijiko changu cha asali. Nilipojisikia nikaiweka kabatini wiki nzima. Na mteja wangu mmoja anayejidunga insulini alipotaka kuniiga, nilimwambia aongee kwanza na daktari wake, kwa sababu chakula kikipungua na dozi ibaki ileile, sukari inaweza kushuka ikamwangusha.

Halafu maneno ya watu. Ukinenepa huku unaambiwa maisha yamekukubali. Ukikonda wanainamisha sauti: "Fundi, uko sawa kweli?" Mmoja alinishika mkono akaniambia dawa siku hizi ni bure. Nilimfungulia daftari, akasoma "managu gramu 150" akaenda kimya. Sijui aliamini nini.

Miezi kumi na moja sasa. Kutoka 91 hadi 79. Kilo 12, polepole, miezi mingine nusu kilo tu. Kwa kipimo cha BMI, kinacholinganisha uzito na urefu, nilikuwa 34.7, leo ni 30.1, na 30 ndio mwanzo wa unene wa kupindukia, kwa hiyo bado niko mlangoni. Na nimekwama hapo wiki sita. Nilirudia hesabu nikaona kwa nini: mwili mdogo unatumia kidogo, sasa wangu unahitaji kama 1,700 kwa siku, na pengo langu limepungua bila mimi kugusa sahani. Sitaki kushusha 1,450, njaa nitaisikia. Kwa hiyo nikitoka Mamboleo nashuka matatu Kondele, natembea hadi Kibuye. Makanga wanadhani sina nauli.

Gauni la kitenge nimelipunguza mara mbili tayari, na wiki iliyopita mara ya tatu. Kitambaa kilichozidi sikukikata. Nimekikunja ndani ya mshono, nikapiga pasi juu yake.