Uzoefu wangu na Marti Report: kibati cha mlangoni kilisema nyekundu, kumbukumbu za Ford zikasema buluu

Kama unanunua Mustang ya 1967 na muuzaji anakuonyesha kibati cha mlangoni kama ushahidi wa rangi na gia za kiwandani, agiza Marti Report kabla hujatoa hela. Mimi nilifanya hivyo, na ripoti hiyo ndiyo iliyoamua bei.

Kwa asiyeijua, Marti Auto Works ni kampuni ya Marekani yenye leseni ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji za Ford. Unawapa namba ya gari, wanakurudishia jinsi gari lilivyoagizwa na kutoka kiwandani: rangi, viti, injini, gia, difu na vikorombwezo vyote vilivyolipiwa.

Namba ya gari nililolitaka inaanza na 7R02C. 7 ni mwaka 1967, R ni kiwanda cha San Jose, 02 ni bodi ile ya paa linaloteremka hadi nyuma, na C ni injini ya 289 (yaani inchi za ujazo 289) yenye kabureta ya matundu mawili. Zinazofuata ni tarakimu za mfululizo tu. Rangi na gia hazimo humo, zimo kwenye kibati cha mlangoni, na kibati kinashikiliwa na ribiti mbili tu. Vibati vipya vinachongwa na kuuzwa waziwazi kwa wanaokarabati magari, na hakuna kosa katika hilo, ila anayeagiza akitaja herufi za uongo, kibati kitazibeba hivyohivyo.

Kibati cha gari hili kilikuwa na T kwenye rangi, yaani Candyapple Red, na 5 kwenye gia, yaani gia nne za mkono. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, lina gia nne. Nikaingiza herufi hizo kwenye kifasiri kimoja cha bure cha mtandaoni, kikanisomea vizuri kabisa: nyekundu, gia nne. Vifasiri vya namna hii vinafaa kwa kujifunza, lakini vinatafsiri chochote unachoviandikia. Havina njia ya kujua kama herufi hizo ziligongwa San Jose au juzi.

Ripoti ilipofika, namba ilikuwa ileile, lakini rangi ni D, Acapulco Blue, na gia ni W, otomatiki ya C4. Nilirudi kwa muuzaji na tochi, naye akaniruhusu kufungua paneli ya pembeni nyuma ya mlango. Ndani mule, pale ambapo mpiga rangi wa pili hakuona haja ya kufika, bati lilikuwa la buluu, na ukingoni mwake kulikuwa na mstari mwembamba mahali vumbi la rangi nyekundu lilipoishia. Hakukuwa na la kubishania tena. Bei ilishuka, nikalichukua, na ninalipenda gari hili kweli.

Sehemu ya ripoti inayotaja magari mangapi yalitengenezwa sawa na lako haikunisisimua. Ukichanganya rangi, viti, redio na difu, karibu kila gari litaonekana adimu, na wauzaji wanaipenda mno takwimu hiyo.

Mipaka yake uijue. Kumbukumbu zinaanzia magari ya modeli ya 1967, kwa hiyo mwenye Mustang ya 1965 au 1966 atabaki na kibati chake na chuma chenyewe. Pia ripoti haijui kilichotokea baada ya gari kutoka kiwandani. Injini ni mfano mzuri: 289 ya kawaida ya 1967 haikugongwa namba ya gari kwenye bloku, kwa hiyo anayekuapia kwamba injini na bodi vina namba moja, mwombe akuonyeshe. Unachoweza kufanya ni kusoma tarehe iliyosubuliwa kwenye bloku. 7B9, kwa mfano, ni tarehe 9 Februari 1967, kwa sababu A ni Januari, B ni Februari, na kadhalika, herufi I ikirukwa. Tarehe hiyo inapaswa kutangulia siku gari lilipounganishwa. Bloku iliyosubuliwa baada ya gari kutoka kiwandani ililetwa baadaye, hata kama kila kitu kingine kinapendeza.

Kwa maoni yangu inastahili kila senti kwa Ford, Mercury au Lincoln inayouzwa kwa bei ya gari orijino. Ukiagiza, usinakili namba kutoka mlangoni. Fungua boneti, tafuta upande wa kushoto ile iliyogongwa juu ya bati la ndani la fenda, sugua uchafu hadi kila tarakimu isomeke, kisha tuma hiyo.