Skii moja ya kila theluji: nimeachana na kiuno cha 106, nimehamia 94

Najua wengine mshaanza kucheka, skii, zile mbao za kuvaa miguuni na kutelezea kwenye theluji, za nini na we unakaa Kunduchi Mtongani. Subirini kwanza. Dada yangu ameolewa Innsbruck, Austria, kwa hiyo kila nikijichanga nikapata nauli mwezi wa pili naenda kumsalimia, na kule ukishinda ndani unakunywa chai tu shemeji anadhani unaumwa, basi nikafundishwa, nikaanguka sana, sa hivi nina misimu mitano na jozi ya pili ya skii. Na yule atakayesema mtu mweusi na theluji wapi na wapi, akamwangalie Sabrina Simader, binti wa kuzaliwa Kilifi hapo jirani, aliiwakilisha Kenya Olimpiki ya Pyeongchang 2018 kwenye skii za kushuka mlima. Na Kibo yetu wenyewe imeshatelezewa toka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda nazo mgongoni, ile barafu ya kule juu ikapewa jina la Furtwängler. Kwa hiyo tuendelee.

Naandika kwa ajili ya Wabongo mlioko Ujerumani, Norwei, Kanada na kwingine mnaotaka kununua jozi MOJA ya kufanyia kila kitu, maana hamna hela wala stoo ya kuweka jozi tatu. Nimetumia jozi mbili tofauti kabisa kwenye milima ileile, so naongea nilichokiona kwa magoti yangu.

Jozi ya kwanza nilinunua yuzdi, euro 260 pamoja na baindingi (vile vifungio vinavyoshika buti kwenye skii), kama laki saba na kitu kwa hela yetu. Urefu sentimita 184, kiuno milimita 106. Kiuno ni pale katikati unapokanyaga, pembamba kuliko mbele na nyuma, na ndo namba ya kwanza ya kuangalia kabla hata ya kampuni. Sasa mimi sikuangalia namba, niliangalia rangi (chungwa na zambarau, nzuri kinoma) na video za jamaa wanazama kwenye theluji mpaka kifuani wanatoka upande wa pili wanacheka. Nikajua huyo ndo mimi. Kumbe nimefanya kama yule jamaa ananunua Land Cruiser ina snorkeli afu inashinda foleni ya Mwenge. Nikaja kupiga hesabu, katika siku kumi ninazokuwa mlimani, nane nzima nateleza kwenye miteremko iliyopigwa greda, moja nazubaa kwenye paki (uwanja wa vituta na maboksi ya kurukia) na mpwa wangu, na moja, Mungu akijalia, ndo inadondoka theluji mpya ya maana.

Nimesema greda sio utani. Ni mashine kubwa inatembea kwa mikanda kama katapila, inapita jioni na usiku inasawazisha, asubuhi ukifika mteremko mzima una mistari midogo midogo kama kichwa cha mtoto aliyetoka kuchanwa na kitana. Hapo hauelei juu ya kitu, theluji imeshindiliwa, kinachokushika ni makali tu, ule ukingo wa chuma pembeni ya skii. Unailaza skii upande, makali yanang'ata, inakata kona yenyewe. Skii nyembamba inalala haraka. Ya 106 lazima uisubiri, uisukume, ilale, halafu ukitaka kurudi upande mwingine unaanza upya, ni kama kukatisha Eicher kwenye kichochoro cha Manzese. Inapita, lakini dereva anatoka jasho. Saa nane mchana mimi magoti hoi, dada yangu ana watoto wawili na ananisubiri chini ameshamaliza kahawa.

Ndo mwaka jana nikauza akili ya video nikanunua hizi mpya. Urefu 177 (mimi mwenyewe nina 178, zinanifika karibu na utosi, na kwa mtu anayejua kiasi ndo hapo, kati ya kidevu na utosi, mgeni ashuke chini kidogo), kiuno 94, namba ya kona mita 17, maana yake ule mpindo wa pembeni ya skii ungeendelea mpaka ukafunga duara zima, lingekuwa na nusu kipenyo cha mita 17, namba ikishuka inapenda kona fupi, ikipanda inapenda kona ndefu na spidi. Ndani mbao na bati jembamba la metali juu na chini. Kampuni sitaji, kuna mahali naisema vibaya na sitaki maneno. Ila kwa kundi hilo ukiingia dukani utakutana na Nordica Enforcer 94, Völkl Mantra yenye 96, hizo zina metali ndani, na upande wa wepesi bila metali utamkuta Atomic Bent 100. Zishike mkononi zote tu, uzito wenyewe utakwambia.

Kwenye greda: hapa ndo nimerudishiwa hela yangu. Siku ya kwanza tulienda Axamer Lizum, mlima uliotumika kwenye Olimpiki za 1964 na 1976, saa tatu asubuhi baridi kali, theluji ngumu. Kona ya kwanza niliilaza kwa mazoea ya zile pana, kwa nguvu zote, ikanikata chini ya miguu karibu nipige mweleka, kwa sababu haikuhitaji nguvu. Kona ya tatu nikaanza kuimba. Lile bati linanyonya mtetemo, ukiwa na spidi skii inatulia, haipapatiki. Tatizo liko mchana kule chini ambako theluji imeyeyuka ikaganda tena, inakuwa barafu tupu, terazo iliyomwagiwa sabuni. Hapo ncha ya mbele inatetemeka na makali yanatoa mlio wa kukwaruza mpaka meno yanauma, na hii ndo naisema vibaya, makali yalikuja dukani butu na nikalipa tena kunoa wakati kitu ni kipya. Ambaye anakaa sehemu ya barafu hivyo kila siku ashuke kiuno chini ya 80 na asahau mambo ya unga, yaani theluji mpya laini.

Paki nitapita haraka maana nina miaka 36 na bima yangu ndogo. Innsbruck unapanda treni mjini kabisa mpaka Hungerburg, unaunganisha keboka mpaka Seegrube, na uko juu kuna paki. Mpwa wangu wa miaka 14 ndo ananipa semina, eti mjomba, paki inataka skii nyepesi, mkia uwe umeinuka kama mbele ili ukitua kinyumenyume usichimbe, na baindingi ifungwe karibu na katikati. Yangu mkia umeinuka kidogo tu na baindingi iko nyuma ya katikati kama kiwanda kilivyoweka alama, kwa hiyo kuruka vituta vidogo inaruka fresh, ila kugeukageuka hewani nilimwachia mwenyewe. Nilijaribu boksi moja, lile la kuteleza juu yake kama benchi. Nilifika katikati. Mkwaruzo upo mpaka leo chini ya skii ya kushoto, mrefu kama kidole. Kama nusu ya siku zako ni paki, achana na skii yenye metali kama yangu, nzito afu ukigonga chuma mara kwa mara makali yanapasuka.

Sasa unga. Stubai, kule kwenye barafu ya kudumu, lifti inakufikisha kama mita 3,200, na usiku ilikuwa imeshuka theluji mpya inanifika kati ya kifundo na goti. Hii theluji ukiishika haifinyangiki, inapita kwenye vidole kama sembe kavu. Ukiteleza hausikii kitu, lile kwaruzo la skii linapotea ghafla, unabaki unasikia pumzi yako tu na unga unakupiga mapajani. Kinachokuelesha ni eneo la skii na ncha ya mbele iliyopinda juu kuanzia mbali, isipopinda hivyo inazama kama jembe. Ya 94 ilielea vizuri tu, sharti usikae nyuma kama uko kwenye kochi, simama katikati, miguu karibukaribu, kona za taratibu. Mchana tukapata bonde ambalo upepo umejaza mpaka juu ya goti na hapo nikaikumbuka 106 yangu wallahi, ile ingepanda juu yenyewe, hii nilikuwa nasukuma kama napita tope la Jangwani masika. Nikaanguka, skii moja ikachomoka ikapotelea chini. Mimi na shemeji tumechimba kama dakika ishirini kwa mikono, tumeikuta nyuma ya tulipokuwa tunachimba. Na hapo tulikuwa bado karibu na njia iliyopangwa. Ukitoka nje ya njia kweli, kuna maporomoko ya theluji, wanatangaza hatari kila siku kwa namba 1 mpaka 5, unatakiwa uwe na kifaa cha mawimbi mwilini cha kukutafutia ukifukiwa, koleo na fimbo ndefu ya kudungia theluji, na mtu anayejua kuvitumia. Namba ikiwa 3 mimi nabaki kwenye greda na sioni aibu.

Kwa hiyo katika siku zangu kumi, jozi mpya imenifurahisha siku tisa. Ile ya zamani ilikuwa inanifurahisha moja.

Baindingi usizichukulie poa. Ile namba inayoonyesha itakuachia kwa nguvu kiasi gani wanaiweka kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na unavyoteleza, sasa kuna mtu atakwambia kaza tu isichomoke, mwambie akaze ya kwake. Ikikataa kuachia ukianguka kinachokatika ni goti. Na breki zake ziwe pana kuliko kiuno, kwa 94 nimefunga breki ya 100. Ukinunua baindingi za zamani na buti mpya zenye soli ya GripWalk (ile iliyopinda kidogo ili utembee vizuri), uliza kama vinakubaliana, si kila baindingi inaipokea.

Lakini kabla ya yote hayo, hela ya kwanza iende kwenye buti. Mwaka wa kwanza nilikodi duka moja la chini ya mlima, jamaa hakunipima hata kidogo, akaniangalia tu miguu akasema wewe 29. Nimevaa siku mbili, kidole gumba kimekuwa cheusi (na kikiwa cheusi kwangu ujue ni cheusi), maana buti kubwa mguu unateleza ndani unagonga mbele. Kumbe mimi ni 27.5. Ile namba ni sentimita za mguu wako, pima na rula nyumbani. Dukani toa ule mfuko wa ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele, nyuma ya kisigino ibaki nafasi kama ya vidole viwili vyembamba. Na uulize upana, maana zipo za milimita 98, 100, 102, sisi tuliokulia ndala miguu imetandaa, mimi bila 102 sivai.

Kwa ambao Ulaya ni mbali, kuna Afriski kule Lesotho, juu ya mita 3,000, msimu ni Juni mpaka Agosti. Unaruka mpaka Johannesburg halafu barabara masaa mengi. Mteremko mkuu ni kama kilomita moja na theluji nyingi wanatengeneza wenyewe, wanapuliza maji usiku wa baridi, kwa hiyo unga sahau, ni greda na paki ndogo, kodi vyao hapohapo usibebe chochote. Nguo nunua Karume, siongei utani, jaketi za skii za mitumba zimejaa na hazina mnunuzi kwa joto hili. Yangu nimeipata kwa elfu ishirini na tano, zipu ya mfukoni bado ilikuwa imefungwa tiketi ya lifti ya mwenyewe wa kwanza.

Mwisho, kuzileta nyumbani. Nilipotua Terminal 3 nazo, afisa wa forodha akanisimamisha, "Kaka, hizi mbao za nini?" Nikafungua mfuko, nikaeleza, akaita mwenzake, nikaeleza upya, wakanionea huruma wakaniachia. Shida haswa ilianza nyumbani, Kunduchi upepo una chumvi na yale makali ni chuma. Za zamani niliziacha uvunguni miezi mitatu, zikatoka na kutu ya kahawia mpaka imechora shuka. Hizi mpya nimezifuta zikakauka kabisa, makali nikayapitishia tupa taratibu, halafu nikayeyusha nta kwa pasi ya zamani nikaimwaga nene chini mpaka ikafunika na makali, na siikwangui mpaka siku ya safari. Pasi hiyo usirudishe kwenye nguo, shati langu jeupe la kazini ni shahidi. Zimelala juu ya kabati, zimefungwa kwenye kanga mbili za bi mkubwa.

Juzi nimepanda kuziangalia, maana mwezi wa pili huo unakuja. Kutu hamna hata chembe. Ila fimbo za kushika mkononi ukiteleza zilikuwa mbili na nimekuta moja, nimeuliza nyumba nzima, mpaka nilipotoka uani nikamkuta bi mkubwa chini ya mwembe ameishikilia, kile kiduara cha chini kakifungia waya, anaangushia embe.