Barakoa ya fundi rangi mbele ya mabomu ya machozi

Kwa anayeripoti maandamano Dar au kutoa huduma ya kwanza, kinga rahisi kupatikana ni barakoa ya mpira ya mafundi rangi: inafunika pua na mdomo, ina vichujio viwili vya pembeni. Kwa maduka ya vifaa, anza eneo la Gerezani, Kariakoo.

Barakoa yenyewe ni nzuri. Angalia vichujio vyake. Mstari wa kahawia wenye herufi A huzuia mvuke wa rangi na thina tu, lakini CS, kemikali ya mabomu ya machozi, ni unga laini sana unaoelea hewani. Bila mstari mweupe wa P2 au P3, yaani kichujio cha chembe, unga huo unapita. Dai A2P3, yenye mistari yote miwili; P3 hunasa angalau asilimia 99.95 ya chembe. Kifuko kiwe hakijafunguliwa na tarehe haijapita, maana mkaa wa ndani hunyonya unyevu, na unyevu wa Dar unajulikana.

Ijaribu palepale dukani: vaa, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi. Ikinywea usoni na kubaki hivyo, imekaa. Mwenye ndevu asitegemee, hewa itapenya tu. Miwani yenye matundu ya pembeni iacheni kwa maseremala. Tafuta iliyozibwa kwa mpira pande zote, na lenzi za kubandika jichoni zibaki nyumbani.

Sasa kikomo chake. Seti hii inafaa pale tu polisi wanapofuata kanuni. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 kuhusu silaha zenye madhara pungufu unakataza kulenga kichwa au uso kwa makombora ya machozi, na unataka risasi za mpira zielekezwe sehemu ya chini ya tumbo au miguuni, kwa mtu mwenye vurugu inayotishia kujeruhi wengine. Kanuni ikivunjwa, plastiki haisaidii. Alama F kwenye miwani inamaanisha imehimili kigololi cha chuma kisichofika gramu moja, kwa mita 45 kwa sekunde, si kombora la machozi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012 kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye kabisa. Askari aliyehusika alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Hakuna barakoa ya dukani ingemwokoa.

Baada ya kazi, vua ukiwa na glavu, osha mpira kwa sabuni na maji mengi. Vichujio visioshwe, vitupwe.