Kliniki ya presha Barani, Malindi: wanapima mkono halafu wanakuuliza kazi

Nimeenda hii kliniki mara nne sasa, nikasema niandike manake sisi watu wa hoteli hapa Malindi wengi tuna presha na hatusemi.

Kwanza mjue nimetokea wapi. Mimi ni wa kusafisha vyumba, miaka kumi na moja niko hoteli za ufuoni, na kazi yetu mnaijua, mkataba ni wa miezi, mvua za Aprili zikianza mnaambiwa nendeni nyumbani mtapigiwa simu, na hiyo simu hujui itakuja lini wala kama itakuja. Mwaka jana kichwa kiliniuma kisogoni wiki mbili, nikaenda hospitali moja kubwa (siitaji), nikakaa kwenye benchi toka saa moja asubuhi mpaka saa saba, kuitwa nikapimwa hata sijaketi vizuri, kitambaa cha mashine kimefungwa juu ya sweta, daktari anaandika huku anaongea na simu, nikaambiwa ni 178 kwa 104, mama punguza mawazo, basi nikapewa karatasi ya dawa. Punguza mawazo! Nililia njia nzima mpaka kwa tuktuk, manake mawazo yangu si chumvi eti nitaitia kidogo.

Hapa Barani mambo ni mengine tangu unapokaa. Nesi ni kijana mdogo kama mwanangu, akanipa kiti chenye mgongo, akasema mama weka miguu yote chini usiikunje, umeenda choo? Kumbe kibofu kikijaa presha inapanda, na ukiongea inapanda pia. Tukakaa dakika tano kimya kabisa, feni inazunguka tu. Halafu mkono wazi juu ya meza, akanitilia mto mdogo chini ya kiwiko ili mkono uwe sawa na moyo. Ya kwanza 158 kwa 98, akangoja kidogo akarudia, 152 kwa 96, akaandika zote mbili, na akanieleza ikifika 140 kwa 90 na ikarudi hivyo hivyo siku nyingine ndio wanaita presha.

Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza wiki mbili hizi umekosa raha na vitu unavyopenda? Unajisikia umevunjika moyo? Unalala? Halafu akauliza, mama, kazini kwako wewe unaamua nini? Nikanyamaza. Vyumba kumi na sita nakuta vimeandikwa ubaoni, zamu naambiwa usiku wa kuamkia, hata saa ya kula si yangu. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliwahi kuniuliza hilo swali.

Akaniambia kuna utafiti wa Uingereza, unaitwa Whitehall, usiku binti yangu akanitafutia tukausoma pamoja. Ulianza 1967 kwa wafanyakazi wa serikali London, wanaume zaidi ya 17,000, wote wana ofisi, wote wana mshahara, hakuna fukara pale. Na bado wale wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa moyo karibu mara 3 kuliko wakubwa wao. Sigara ilichangia, presha ilichangia, lakini hata ukiyatoa hayo tofauti ilibaki. Wakaanza mwingine 1985, na wanawake ndani, wakaona mtu asiye na usemi kwenye kazi yake moyo wake uko hatarini zaidi. Na utafiti mwingine, wa nchi 52, uliotoka 2004 ulitaja msongo wa mawazo na huzuni ndani ya mambo 9 makubwa yanayoleta shambulio la moyo, pamoja na sigara, presha na sukari.

Nesi alivyonieleza mimi ni hivi, ukishtuka mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotizoli, moyo unaenda mbio, mishipa inakaza, hatari ikipita inalegea. Sasa mtu wa kodi na karo hatari yake haipiti, iko hapo mwezi mzima, na usingizi hana, na dawa anaruka siku ili zifike mwisho wa mwezi. Meneja pia ana mawazo yake sikatai, lakini akichoka anaomba likizo na mshahara unaingia, mimi nikichoka natafutiwa mwingine.

Kupima ni shilingi 100. Mashine ya kupeleka nyumbani wiki moja unaacha 500 unarudishiwa, na wanakupa daftari ya kuandika asubuhi na jioni. Naendelea na amlodipini, dawa yangu ya presha, wiki iliyopita nyingi zilikuwa 138 kwa 86 hapo.

Sasa kasoro, na naisema kwa mapenzi. Wanafungua Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi, na wana kikao cha watu kuongea mawazo yao pamoja, ambacho ndio kitu kizuri kuliko vyote, kiko Jumatano saa nne asubuhi. Saa nne! Saa hiyo wa vyumba tuko vyumbani, wa jikoni wako jikoni, vijana wa ufuoni wako kwa wageni. Siku niliyoenda tulikuwa sita, wanne wamestaafu. Nilikatwa mshahara wa siku nzima kwa hiyo saa moja. Jamani wekeni hata Jumapili jioni, nimewaandikia kwenye kitabu cha maoni na nesi amesema atalipeleka juu.

Mkienda vaeni nguo ya mkono mpana, na fikeni kabla ya saa mbili, namba huisha mapema.