Miezi sita na chila ya tangi la matumbawe, Raskazone, Tanga

Naanza na nyota, maana najua wengi mnasoma mstari wa kwanza halafu mnaondoka. Chila yenyewe, yaani mashine ya kupoza maji ya tangi, naipa nne kati ya tano. Duka lililoniuzia, pamoja na fundi waliyemleta, nalipatia moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna sehemu ya kubonyeza sifuri.

Tangi hili sikulinunua. Mpangaji wangu wa nyumba ya uani, mtu wa utafiti wa bahari, alipohama aliniachia badala ya kodi ya miezi miwili. Akaniachia na faili la vibali, kwa sababu matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na huwezi kuyavusha mpaka kama mkungu wa ndizi. Mke wangu alisema tumelipwa deni kwa deni. Ni kioo cha mita mbili kwa sentimita 70 kwa 60, chini yake kuna sampu, tangi la pili la kuchujia maji, ya lita 200, na ukitoa nafasi ya mawe yanabaki maji lita 900 hivi. Ndani wamo samaki wadogo wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kamba wa kusafisha, konokono wasiohesabika, na matumbawe ambayo mwaka wa kwanza nilikuwa nayaogopa kuyagusa.

Chumvi Tanga tunayo bure. Shemeji yangu ana mashua pale Deep Sea, na kila wiki mbili ananiletea madumu matano ya maji aliyochota nje, kupita Ulenge, maji yakiwa yamejaa. Wakati wa masika namwambia asichote karibu, maana Zigi ukifurika maji ya juu yanapungua chumvi hata ulimi unajua. Mimi napima kwa refraktomita: 35 kwa elfu ndiyo namba yangu. Kalisi nataka iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, alkalini 8 hivi kwa kipimo cha dKH. Hayo yote ukishayazoea ni kazi ya nusu saa Jumamosi asubuhi. Kinachotutoa roho huku ni joto.

Januari, kaskazi limekaza, nilikuta kipimajoto kinasoma nyuzi 31.4 saa tisa alasiri. Tumbawe linaishi na vijimea vidogo sana ndani ya nyama yake, ndivyo vinavyolipatia rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakikaa juu ya joto lililozoeleka kwa nyuzi moja tu, wiki baada ya wiki, linavitema vijimea vyake, linabaki jeupe. Shemeji alikuwa kijana mwaka 1998, ule wa El Niño, na anakumbuka miamba ya nje ilivyokuwa: "Kama mtu kapita usiku na ndoo ya chokaa." Mimi nilianza kuiona hiyo chokaa kwenye ncha za matumbawe mawili sebuleni kwangu.

Nikaamua kununua chila.

Kabla sijafika huko, mpwa wangu ambaye ni fundi friji alikuja kunionea huruma. Aliangalia tangi, akaangalia sampu, akapata jibu palepale.

"Mjomba, hela ya chila ya nini? Nina kompresa ya friji nzima kabisa. Nakukunjia bomba la kopa hapa ndani ya maji, naweka gesi, jioni unaoga maji ya Lushoto."

"Kopa humu haiingii."

"Kwani ina nini?"

"Inaua kamba, inaua konokono, inaua tumbawe. Maji ya chumvi yanaila, halafu wao wanakula kilicholiwa."

Hakuridhika, ila alinywa chai. Nalisema hapa kwa sababu duka la kwanza nililopiga simu nalo lilitaka kuniuzia mashine yenye koili ya shaba, ileile kopa, muuzaji akaniapia kwamba maji ni maji. Kwa tangi la bahari ulizia koili ya titani. Asipojua unachouliza, kata simu.

Niliyoipata ni ya nguvu ya nusu farasi, koili ya titani, shilingi milioni mbili na laki tatu kutoka Dar es Salaam, waranti ya mwaka mmoja yenye muhuri. Ilikuja Tanga kwa basi, na nilipokwenda kuipokea niliikuta imelazwa ubavu chini ya magunia ya nguo. Mashine yoyote yenye kompresa ikilazwa, mafuta yake yanahama kwenda kwenye mabomba, na ukiiwasha hivyo hivyo unaiua. Niliisimamisha ukumbini siku nzima na usiku wake. Fundi wa duka alifika kesho yake akaniuliza mbona sijaiwasha, nikamweleza, akacheka.

Ningemfukuza palepale. Sikumfukuza. Akaipachika ndani ya kabati la tangi, chini, pembeni ya sampu, akafunga mlango ili ipendeze. Ilipendeza kweli. Usiku ule maji yakashuka mpaka 28.9, nikalala kama mtoto.

Mchana wa pili sebule iligeuka tanuri. Maji yamerudi 30, chila inanguruma tangu alfajiri haijapumzika. Nilifungua kabati, nikapitisha mkono nyuma ya mashine: hewa iliyokuwa inatoka pale ilikuwa ya kukaangia vitumbua. Kapicha ka theluji kwenye skrini kanawaka na kuzima, na jioni ikajizima yenyewe kwa joto. Nikampigia fundi. "Mzee, ndivyo zilivyo, Tanga kuna joto."

Sasa hebu tufikiri kidogo. Chila haipotezi joto, inalihamisha. Inalitoa kwenye maji, inaongeza na la umeme wake yenyewe, inayatema yote mawili mgongoni. Ukiifungia kabatini inavuta hewa ileile iliyoitema. Ukiiacha sebuleni madirisha yamefungwa, inapasha sebule, na sebule inapasha tangi. Nilikuwa nalipia umeme wa kuzungusha joto ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kama mtu anayeteka maji kisimani na kuyamwaga kisimani.

Mpwa wangu akapata kazi yake. Tulitoboa ukuta wa baraza matundu mawili, tukapitisha mabomba, hayazidi mita moja na nusu, tukayavika zile sponji nyeusi za mabomba ya AC. Chila ikakaa nje upande wa kivuli, juu ya matofali manne, na mabati mawili juu yake. Kazi yote laki na themanini pamoja na chakula. Tangu siku hiyo, umeme ukiwapo, maji hayajavuka 27.5. Saa za kufanya kazi zikashuka kutoka karibu ishirini hadi tisa kwa siku, na sebule ikawa sebule tena.

Upande wa umeme, yangu inakula kama wati 400 ikiwaka. Saa tisa ni uniti tatu na nusu kwa siku, na kuna jirani aliyeniuliza kama nimefungua kiwanda cha barafu. Ndipo nikarudi kwenye kitu ambacho mpangaji aliniachia kwenye boksi na mimi nikakidharau: feni nne ndogo za volti 12, zile za kompyuta, za kupuliza juu ya maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kiasi cha theluthi mbili za uniti. Kabla ya feni tangi lilikuwa linapoteza lita sita kwa siku, sasa kumi na sita. Lita kumi za ziada, piga hesabu, ni joto la uniti sita na ushee linalotoka dirishani kwa umeme wa taa moja. Chila sasa inawaka saa nne tu kwa siku kwenye kaskazi. Feni nne zote zimenigharimu chini ya elfu hamsini. Chumvi inazila, tayari nimebadilisha mbili, lakini kwa bei hiyo nani analia.

Ubaya wa feni ni kwamba maji yanakwenda, chumvi inabaki. Lazima urudishe lita kumi na sita za maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa na mashine ya RO, kila siku, la sivyo bahari yako inakuwa ya kukaushia samaki. Nina pampu ndogo yenye floti, kijiboya cha kupima kina cha maji, inayojaza yenyewe. Aprili konokono mmoja alipanda akalala juu ya floti, pampu ikaamini maji yamepungua, ikamwaga dumu zima la lita 40 na zulia likaoga. Chumvi ikashuka mpaka 33.5. Hakuna aliyekufa, kwa sababu tu dumu lilikuwa dogo. Ningekuwa na pipa la lita 200 ningekuwa naandika habari nyingine. Tangu hapo floti imevaa kikopo kilichotobolewa. Na Aprili hiyohiyo, hewa ya masika ilivyo nzito, mvuke ulipungua mpaka lita kumi na moja, kwa hiyo anayesema feni peke yake zinatosha pwani aje Tanga mwezi wa nne.

Umeme ukikatika, chila ni pambo. Betri ya kawaida haiwezi kuiwasha, na wala usijaribu. Februari ulikatika saa sita mchana ukarudi saa mbili usiku. Kilichookoa samaki ni pampu ya mawimbi ya wati 30 niliyoiunga kwenye betri ya sola, ya Ah 100. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, samaki wanaanza kuhema juu juu kabla hata tumbawe halijajua kuna nini. Mwendo wa maji ndio pumzi yao. Barafu nilinunua pia, kilo tano, nikazifunga kwenye mifuko na kuzitumbukiza sampuni. Kwa maji lita 900 hazishushi hata nyuzi moja, nikaona nimelisha moyo wangu tu. Jioni ilisoma 29.6. Umeme uliporudi ulikuja dhaifu, taa inapepesa, na hapa namshukuru mpwa wangu aliyenilazimisha kuweka friji gadi: inasubiri dakika tatu na inakataa umeme mchafu. Kompresa inayowashwa na kuzimwa haraka haraka haifiki Idi.

Usafi wake si mgumu ila usiukwepe. Upepo wa Raskazone unabeba chumvi, na yale mapezi ya alumini nyuma ya chila yameanza unga mweupe. Kila mwezi nazima, navua kichujio cha vumbi, napuliza maji baridi kwa bomba la bustani taratibu, nasubiri ikauke. Mara ya mwisho nilitoa mjusi na nusu ya kiota cha shorewanda. Pampu inayoisukumia maji naiingiza kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika thelathini. Ile chokaa ngumu inatoa mapovu kisha inateleza yenyewe kama ganda la yai. Kabla sijajua hilo nilikuwa naikwangua kwa kisu, na rota moja, kile kinachozunguka ndani ya pampu, imeondoka na kisu.

Nyota niliyoikata chila ni ya kipimajoto chake. Kinasoma nyuzi 1.2 chini ya ukweli. Wiki tatu nilikuwa naamini nina 26, kumbe 27.2, mpaka nilipotumbukiza cha kioo. Inarekebishwa kwenye menyu, kitabu kinasema ukurasa wa kumi na moja, ila kitabu ni cha Kichina na ukurasa wa kumi na moja una picha ya kidole. Halafu isipangwe kuwaka na kuzima kwa tofauti ndogo. Mimi nimeiachia nyuzi moja nzima, inapumzika vizuri.

Ncha mbili zile nyeupe zilirudi rangi mwezi wa tano, kahawia kwanza, kisha kijani. Moja ilikufa upande na mwani umeikalia.

Sasa ni kusi, asubuhi maji yanasoma 25.8, na chila haijawaka kwa wiki tatu. Wiki iliyopita duka liliniandikia likiomba picha ya mteja mwenye furaha. Nikawatumia: baraza, matofali manne, mabati mawili, chila safi kama sahani, na kipimajoto mkononi. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili.

"Mzee, kumbe umeitoa nje? Basi waranti imekufa."